Ufunguo Sifuri

Hartford, Februari, saa nane na dakika kumi usiku.
Chini ya sakafu ya vigae vya kunyanyuka
baridi inapulizwa kama friji la bucha;
mtambo wa bima hauna habari kwamba nje kuna theluji.

Ndani yake programu arubaini zinaendelea,
na kila moja imeambiwa uongo uleule:
kwamba ipo peke yake,
kwamba toka anwani sifuri hadi milioni kumi na sita
ni shamba lake, halina jirani.
Ya mishahara inaita anwani elfu ishirini
inakuta saa za ziada za makarani.
Ya mafao inaita elfu ishirini ileile
inakuta marehemu.
Hazijapata kukutana. Hazijui kama kuna kukutana.
Chini kabisa, kwenye kumbukumbu halisi,
kurasa zao zimechanganywa kama karata,
na daftari la kuzitambua analo mfumo tu.

Na mimi.

Bwana Stroup aliponiandikisha, mwezi wa Oktoba,
hakunipa hata mkono.
Alisema, "Delphine, wenzako wana ufunguo wa nane.
Unafungua cha nane, basi.
Sifuri inafungua vyote.
Ukiwa nayo mashine haikuulizi kitu.
Kwa hiyo jiulize mwenyewe."
Kisha akaendelea kutafuta miwani yake,
iliyokuwa kichwani.

Usiku huu ya mafao imeanguka.
Ilinyoosha mkono kuandika pasipo pake,
mkono ukapigwa kofi,
na printa ikatapika kurasa mia mbili na tisa,
mstari wa kijani, mstari mweupe,
tarakimu na herufi, A mpaka F,
na pembeni kulia safu nyembamba
ambamo namba hurudi kuwa majina ya watu.

Nilikuwa nasaka kaunta iliyozidi kwa moja.
Nikakuta THIBODEAU ROLAND J.
Kiwanda cha shaba, Waterbury. Amefariki Novemba kumi na tisa.
Baba.
Dola elfu kumi na moja.
Mnufaika: si mama.
Mnufaika ni Ida Kowalczyk, wa mtaa
ambao basi la kiwandani lilipita kila jioni.

Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata ya zamu hii ni mimi.

Kwenye konsoli naweza kuuita ukurasa ule,
nisimame juu ya ile I,
nifute herufi tatu, niandike Aurore.
Mfumo hautakohoa.
Mkono ulikaa juu ya vibonye mpaka kahawa ikapoa.
Nisijisifu wema: nilikuwa nahesabu.
Jumapili ngapi za "zamu ya ziada."
Mama akifunika sahani kwa sahani.

Kumbe neno "baba" tuliliita sote kwa anwani moja,
mama, mimi, kaka yangu Luc, na huyo Ida,
kila mtu kwenye nafasi yake,
na kila mtu akakuta mtu mzima,
hana pengo,
hana jirani.

Saa kumi kasorobo niliipata ile kaunta.
Nikapunguza moja. Nikaianzisha upya.
Hundi zikatoka, ya kwake ikiwamo,
herufi tatu kama zilivyokuwa.
Zile kurasa mia mbili na tisa nilizilisha mashine ya kuchana,
chache chache, kwa sababu hukwama.

Nyumbani mama alikuwa ameshaamka, anakoroga uji wa shayiri.
"Hao wa kampuni yako bado hawajasema kitu
kuhusu baba yako?"

Nilivua buti moja.
"Mimi ni wa mitambo, mama," nikasema.
"Majina sisomi."

Buti la pili lilikataa kutoka.